Jumamosi hayupo: kisa cha kijana wa Mbagala aliyehamia Mzumbe

Alifika Novemba 2024 na begi moja, godoro la futi tatu na nusu lililofungwa kamba ya katani, na sufuria mbili ambazo mama yake alizifunga ndani ya kanga. Mimi nilikuwa mwaka wa tatu, nimepanga chumba cha pili kutoka getini katika nyumba ya vyumba sita kijijini Changarawe, jirani na Chuo Kikuu Mzumbe. Yeye alipewa chumba cha mwisho, kile cha karibu na bomba. Kufika wiki ya nane akawa anazungumzia kuacha chuo na kurudi kwao.

Hakuwa anadaiwa ada. Hakuwa mgonjwa, wala hajafeli kitu, na mkopo wake ulikuwa umetoka. Pale uani kila mtu alikuwa na maelezo yake kuhusu kinachomsumbua, nami nilikuwa na ya kwangu, na sote tulikosea. Ndiyo sababu naandika. Nilimshauri mara mbili na mara zote mbili nilimzidishia, na ninajua kwamba kila mwaka vyuo vinapofunguliwa kuna vijana wengi wanaoshuka na magodoro yao katika vijiji kama hiki, nao huambiwa neno lile lile nililomwambia yeye: utazoea. Jina lake naliacha. Mengine yote nayaeleza kama yalivyokuwa.

Anayesoma bila kupajua Mzumbe aelewe kwamba si mji. Ukitoka Morogoro kwa barabara ya Iringa, unaacha barabara kuu pale Sangasanga, unaingia kushoto kuelekea milima ya Uluguru, na chuo unakikuta chini ya mlima. Kilianza mwaka 1953 kama shule ya kufundisha watumishi wa serikali za mitaa, mwaka 1972 kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, ile IDM ambayo wazee hawajaacha kuitaja, na mwaka 2001 kikawa chuo kikuu. Barabara inayopita hapo huendelea kupanda kwenda Mgeta, kwa hiyo pikapu zilizojaa kabichi, karoti na njegere hushuka mbele ya macho yenu kila mara. Maduka machache, mama ntilie, vijana wa bodaboda, stationari za kuchapa na kutoa kopi. Saa tatu usiku kumetulia, unasikia vyura. Kwa mtu aliyekulia Mbagala Rangi Tatu, aliyezoea kulala huku makondakta wakiita abiria, kimya kile ni kizito. Aliniambia kwamba usiku wa kwanza aliamka mara tatu akidhani kuna jambo baya limetokea.

Hosteli hakuomba mapema, ndiyo maana akapanga. Chumba kilikuwa elfu thelathini kwa mwezi, akalipa miezi sita kwa mkupuo kama mama mwenye nyumba anavyotaka kwa kila mpangaji. Mama huyu ni Mluguru, na kiwanja chake kilitoka kwa mama yake mzazi, kwani kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Nyumba ni yake, neno la mwisho ni lake.

Wiki mbili za mwanzo kijana alikuwa mchangamfu. Ijumaa ya wiki ya tatu, kipindi cha mwisho kilipoisha saa nane, akaondoka kwenda Dar. Jumapili usiku akarudi. Ijumaa iliyofuata vilevile, na iliyofuata tena. Tukazoea kwamba Ijumaa mlango wa chumba cha mwisho una kufuli.

Hapa treni ina sehemu yake. Zamani mwanafunzi wa Dar aliyekumbuka nyumbani alilazimika kufikiria basi: Chalinze, foleni ya Kibaha hadi Mbezi, saa nyingi za kukaa kitini, halafu daladala za mjini. Wengi waliishia kulala na hamu yao hadi mwisho wa muhula. Treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro, tarehe 14 Juni 2024, safari ikawa ya chini ya saa mbili. Mimi mwenyewe naipenda treni hiyo na nimeipanda mara nyingi. Lakini kwa mwanafunzi mpya inafungua mlango ambao wenzake wa miaka ya nyuma hawakuwa nao, mlango wa kuishi mahali bila kuhamia.

Hesabu yake tuliipiga baadaye, tumekaa kizingitini. Nauli ya treni ya kawaida ni shilingi 13,000, kwenda na kurudi 26,000. Ongeza daladala ya Mzumbe hadi mjini, nyingine hadi stesheni ya Kihonda, na za Dar hadi Mbagala, jumla elfu nane hivi. Wikendi moja ikawa inakula 34,000. Wikendi nne, 136,000. Bumu, yaani fedha ya chakula na malazi anayopata mwanafunzi mwenye mkopo kamili wa kujikimu ni 10,000 kwa siku, yaani 300,000 kwa siku thelathini. Karibu nusu ya bumu lake ilikuwa inaishia njiani, mara nne na ushee ya kodi ya chumba. Siku za katikati ya wiki alikuwa anakula mihogo na chai.

Fedha lakini haikuwa kiini. Kiini ni siku aliyokuwa haipati. Mzumbe ya Jumatatu hadi Ijumaa ni ya vipindi: watu wanakimbia kumbini, wanakimbia maktaba, usiku wanalala. Mzumbe inakuwa kijiji siku ya Jumamosi. Kuanzia saa moja asubuhi pale bombani kuna foleni ya ndoo na madumu, watu wamekaa juu ya vigoda na sabuni ya mche, na kufua kunachukua saa tatu kwa sababu kufua kwenyewe ni kisingizio. Pale ndipo unajua nani ana noti za mwaka jana, mwalimu gani hutoa testi bila kutangaza, na mama gani wa karibu anapika maharage kwa nazi. Saa nne watu wa grupu wanakutana kwenye vimbweta, yale mabenchi ya kusomea nje. Jioni mpira. Jumapili kanisani, na wenye kwaya wana kwaya yao. Kijana wetu aliijua sehemu yote kavu ya chuo, sehemu yenye maji ilimpita.

Ugomvi wa LUKU

Nyumba ina mita moja ya LUKU, umeme unaolipiwa kabla ya kutumia. Vyumba sita, kila kimoja kilikuwa kinatoa elfu nne kwa mwezi, na mama mwenye nyumba anaongeza elfu tano za upande wake. Mwisho wa mwezi wa kwanza kijana alikataa kutoa elfu nne. Alikuwa anasoma uhasibu, akatoka na karatasi. Kwa wiki analala hapa usiku tano kati ya saba. Elfu nne mara tano, gawa kwa saba, ni 2,857. “Nitatoa elfu tatu, dada, nimeongezea.”

Hesabu ilikuwa sahihi kabisa, na ndiyo iliyowaudhi watu. Dada wa chumba cha nne, anayesoma sheria, alimuuliza nani aliyeanua nguo zake Jumamosi ile mvua iliponyesha, na mbona hilo hajaligawa kwa saba. Kaka wa chumba cha tatu akamuuliza nani analinda kufuli lake usiku ambao hayupo. Mama akatoka jikoni akifuta mikono. “Mwanangu,” akasema, “umeme tunalipia nyumba, hatulipii usingizi.”

Kijana alitoa elfu nne kesho yake bila neno. Tangu siku hiyo akawa anachota maji alfajiri kabla watu hawajaamka.

Wiki ya saba likaja la asaimenti. Ilikuwa kazi ya grupu yenye alama kumi kati ya zile 40 za ndani ya muhula ambazo huja kabla ya mtihani wa 60. Grupu lilipangwa, mada ikagawanywa, yote Jumamosi kwenye kimbweta. Yeye alikuwa Dar, akaandika WhatsApp kuuliza apewe sehemu gani, akajibiwa Jumatatu kwamba sehemu zimekwisha, asubiri kazi ijayo. Karatasi ilipokusanywa jina lake halikuwemo. Hakwenda kwa mwalimu kulalamika, kwa sababu hakuwa ameandika hata mstari. Alikuja kwangu usiku, akasimama mlangoni. “Dada, hapa watu hawanitaki.”

Sasa tazama tulivyompima. Mama mwenye nyumba alisema ana mchumba Dar. Dada wa sheria alisema anaringa, mtoto wa mjini anadharau shamba. Mimi nilisema amedeka, ni mtoto wa mama. Maelezo yote matatu yanasema kitu kimoja: huko anakokwenda anafuata raha. Hakuna aliyemuuliza.

Jumamosi ya kwanza aliyobaki

Ushauri wangu wa kwanza ulikuwa utazoea. Neno hili nimelichukia tangu hapo. Linamwambia mtu asubiri, na hicho ndicho alichokuwa anakifanya kila wiki, kusubiri Ijumaa.

Ushauri wangu wa pili nilidhani ni wa busara. Nilimwambia asisafiri wikendi moja tu, abaki, aone. Akaniahidi. Ilikuwa mwezi wa Desemba, mvua za vuli, na siku hiyo umeme ulikatika tangu asubuhi. Kwa sababu ya aibu ya ugomvi alifua gizani kabla ya watu kuja bombani, kwa hiyo palipochangamka yeye alikuwa ameshamaliza na kujifungia. Grupu lake halikukutana, testi ilikuwa imepita. Mimi mwenyewe niliyemwambia abaki nilikuwa nimekwenda mjini Morogoro kununua karatasi, sikumkumbuka hadi jioni. Simu yake ilizima chaji saa nane mchana. Kutwa nzima alilala akitazama bati.

Jumapili saa kumi na moja jioni nilipita mlangoni kwake ukiwa wazi. Godoro lilikuwa limefungwa kwa kamba ile ile ya katani aliyokuja nayo, kwa fundo lile lile. Sufuria ziko juu yake ndani ya kanga.

Niliketi kizingitini, na sijui kwa nini siku hiyo nilimuuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria kabla. “Jumamosi kwenu huwa unafanya nini?”

Akaniambia. Jumamosi huamka saa tisa usiku. Saa kumi yuko Feri, soko la samaki la Dar, wakati boti zinashusha. Mama yake hukaanga samaki na kuwauza barazani Mbagala, na tangu kijana alipokuwa kidato cha pili yeye ndiye anayekwenda mnadani. Akanieleza namna ya kumtazama kibua: mashavu yawe mekundu, jicho liwe limejaa, ukimbonyeza nyama irudi. Akanieleza kwamba wauzaji wengine huweka wazuri juu ya ndoo, kwa hiyo lazima uingize mkono hadi chini, na ukishaingiza mkono usiogope macho ya mtu. Barafu inakaa wapi, bodaboda gani haitikisi ndoo. Wageni wa mama wanaanza kuja saa nne, na kuna mzee mmoja ambaye hali samaki akichelewa kukaangwa, anaondoka, ni mteja wa miaka mingi hivyo hawezi kuachwa aondoke. Alizungumza nusu saa nzima. Katika wiki nane sikuwahi kumsikia akisema sentensi tatu mfululizo.

Nilikuwa nimemwita mtoto wa mama, kumbe ni mkono wa kulia wa mama. Huko Mbagala, akichelewa yeye, karai linachelewa, na mzee wa watu anakosa samaki wake. Hapa Changarawe alikuwa amekaa karibu miezi miwili na hakuna mtu hata mmoja ambaye jambo lake lingechelewa kwa sababu yake. Angeondoka na godoro lake usiku ule, kitu pekee ambacho kingepungua ni elfu nne ya LUKU.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba mwanafunzi mpya anahitaji marafiki. Marafiki huja wakati wao. Kijana wa miaka ishirini aliyelelewa kwa kufanya kazi anahitaji kwanza mahali ambapo akikosekana pana pengo. Kumtaka abaki wikendi bila kumpa cha kufanya ni kumkalisha benchi na kumwambia afurahie mchezo. Ndicho nilichomfanyia mimi.

Simu ya Mbagala

Kwa ruhusa yake nilimpigia mama yake. “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu, wewe ndiye dada wa huko?” Sauti ya mtu anayegeuza samaki huku anaongea, mafuta yanasikika.

Nilidhani nitamkuta mama anayemvuta mwanawe. Nikauliza kwa uangalifu siku za kazi anafanyaje, maana mtoto yuko chuo. Akasema kuna kijana wa bodaboda anamletea samaki Jumatatu hadi Ijumaa, mwaminifu, anajua kuchagua. Na Jumamosi? Akanyamaza kidogo. “Jumamosi namwambia huyo wa bodaboda asije. Mwanangu akitoka safari yote ile akute kazi yake ipo. Nikimpa mtu mwingine ataona amefukuzwa nyumbani.”

Mwana alikuwa anasafiri kwa sababu anaamini mama atakwama. Mama alikuwa anajikwamisha siku moja kwa wiki ili mwana asijione hana kazi. Kila mmoja anambebea mwenzake mzigo ambao mwenzake hakuuomba, na nauli inalipwa kwa bumu. Nilimtajia ile 136,000. Alivuta pumzi. “Hela hiyo si angekula!” Nikamuuliza nimwambie. “Hapana, usimwambie wewe. Nitamwambia mwenyewe.”

Akamwambia siku hiyo hiyo kwamba bodaboda ataleta na Jumamosi, yeye awe anakuja mwisho wa mwezi. Ningependa kuandika kwamba kijana alifurahi. Aliumia. Siku tatu hakunisemesha, na nilimwelewa: nilikuwa nimemnyang'anya mahali pamoja alipohitajika, na pa pili hapajapatikana. Nikaanza kuogopa kwamba sasa ataondoka kweli, tena bila pa kwenda.

Kilichomshika hakikutoka kwangu. Mama mwenye nyumba alikuwa amechoka na daftari la LUKU. Kila mwezi anadai, kila mwezi mtu anasema alishatoa. Jioni moja akamwita kijana jikoni, akamkabidhi daftari na kopo la hela. “Wewe unajua kugawa kwa saba. Gawa na hii.” Hakuwa na nia ya kumponya mtu, alitaka kupumzika. Nadhani ndiyo maana ilifaa. Angepewa kwa huruma angeigundua huruma hiyo na kuikataa.

Nami nikapumua nikidhani sasa amefungwa Jumamosi, maana umeme wetu ulikuwa na tabia ya kuisha wikendi. Nilisahau kwamba LUKU inanunuliwa kwa simu. Mwisho wa mwezi alikwenda Dar kama alivyoruhusiwa, Jumamosi usiku taa zikazima, na kabla hatujamaliza kutafuta mshumaa ukaingia ujumbe kutoka Mbagala wenye tarakimu ishirini. Kaka wa chumba cha tatu akaziingiza, taa zikawaka. Kazi aliyopewa ingeweza kufanywa kutoka mahali popote duniani.

Ila kukusanya hela hakukuweza. Wapangaji wawili hawatumi kwa simu, wanatoa mkononi, na mkononi kwao ni Jumamosi asubuhi bombani, wakiwa wameloana na hawawezi kukimbia. Jumamosi iliyofuata kijana alibaki kwa ajili ya elfu nane za watu wawili. Akaja bombani saa mbili na daftari kwapani, na kwa kuwa huwezi kusimama tu bombani kama polisi, akaja na ndoo yake ya nguo. Alifua kwa zaidi ya saa moja. Akamsikia msichana wa darasa lake akiuliza nani anakwenda vimbweta saa nne, wanapanga kazi ya pili. Akaanika nguo, akaenda. Jina lake safari hii liliandikwa la tatu kwenye karatasi.

Halafu likatokea jambo ambalo kwangu ndilo lililommaliza ugeni. Daftari halikumtosha, akaanza kusoma mita asubuhi na jioni na kuandika. Baada ya wiki mbili akaona uniti nyingi zinakwenda mchana, saa ambazo vyumba vyote sita vina kufuli na watu wako darasani. Ilikuwa friji ya mama, anayotengenezea barafu na juisi za kuuza. Sote tulikuwa tunashuku kwa miaka, hakuna aliyethubutu. Kumwambia mama mwenye nyumba mbele ya wapangaji ingekuwa kumvunjia heshima, na kunyamaza ingekuwa kuendelea kulipa.

Alimfuata jikoni peke yake. Nilikuwa nachambua mchele karibu na mlango, nikasikia. “Shikamoo mama. Nimekuja kuomba ushauri, hesabu imenishinda.” Akafungua daftari, akamwonyesha safu ya mchana na safu ya usiku, hakutaja friji. Mama akalitazama kwa muda, akaweka kidole kwenye safu ya mchana. “Hii ni friji yangu.” “Sijui mama, labda.” “Ni friji yangu. Nitoe ngapi?” Kijana alishaipiga: jumla ya nyumba ni elfu ishirini na tisa kwa mwezi, mama akitoa kumi na moja, vyumba vinabaki na kumi na nane. Yaani kila chumba elfu tatu.

Elfu tatu, ile ile aliyoitaka mwanzo akagombana nayo. Ukali wake wa hesabu haukuwa umepungua hata kidogo. Mara ya kwanza aliupigania mfuko wake, mara ya pili wa watu sita, na dada wa sheria akaanza kumwita “mkaguzi” kwa heshima kabisa.

Nikilirudia jambo hili kwa utulivu naona nilikuwa na nafasi ya kuokoa wiki tano. Siku ya kwanza alipofunga mlango Ijumaa ningeuliza anakwenda kufanya nini, nisingesubiri godoro lifungwe kamba. Siku hizi nikikutana na mwanafunzi mpya simwulizi kama amezoea, maana jibu lake ni ndiyo hata akiwa anakufa. Namwuliza Jumamosi iliyopita alikuwa wapi, na nani alikuwa anamsubiri. Na sisemi kila anayesafiri kila wiki arudishwe. Ninamfahamu dada aliyekuwa na mtoto mchanga kwa mama yake Kilosa. Kumwambia yeye asiende ingekuwa ukatili. Inabidi ujue nyuma ya safari kuna nini kabla hujaifungia njia.

Tena kuna kilichoharibika kikabaki hivyo. Zile alama kumi hazikurudi. Matokeo yalipotoka baadaye alikuwa na sapu moja, yaani mtihani wa kurudia, kwenye somo lile lile, na aliibeba bila kumlaumu mtu. Kimya cha usiku pia hakijawahi kumpendeza; alinunua redio ndogo, analala nayo ikiwa inanong'ona.

Ramadhani ya 2025 iliingia mwanzoni mwa Machi, tukiwa tunajiandaa na UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Mama mwenye nyumba ni Mkatoliki, lakini kila jioni alikuwa anamtengea kijana, aliyekuwa amefunga, magimbi ya Mgeta aftari kwayo. Habari hizo zilifika Mbagala. Jumamosi moja ya mwezi huo nilimwona kijana akitoka getini saa kumi na mbili asubuhi, nikashtuka, nikamwuliza anakwenda Dar. Akasema anakwenda Msamvu, stendi, kuna mzigo. Saa tatu na nusu alikuwa amesharudi na ndoo nyeupe yenye mfuniko, imezungushiwa gundi ya karatasi, juu imeandikwa kwa kalamu nene jina la mama mwenye nyumba. Ndani vibua vya kukaanga vimepangwa kwa gazeti, tabaka juu ya tabaka. Aliiweka jikoni kwa mama, akamwelekeza wa kuliwa leo ni wapi na wa kupashwa kesho ni wapi, akanawa mikono, akachukua noti zake. Saa nne alikuwa na watu kwenye vimbweta.